Mistari 3,300 ya Makala

Kisiki kilijileta chenyewe. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 17 Aprili 2020, siku chache baada ya Pasaka, mvua ilianza kupiga mabati ya Uvira kabla hatujalala, na haikupumzika. Mto Mulongwe, ambao wakati wa kiangazi mtoto anauvuka viatu mkononi, ulishuka toka milimani umebeba mawe, milango ya watu, mbuzi, na miti iliyong'oka pamoja na mizizi yake. Tulikimbilia kwa jirani mwenye ghorofa na kukaa huko gizani tukisikia mawe yakigongana ndani ya maji. Kulipokucha tope lilikuwa limefika kifuani pangu kwenye ukuta wa nyumba, na katikati ya lupango wetu kililala kisiki kikubwa, mizizi imetanuka, gome lote limechubuka, cheupe kama mfupa.

Watu zaidi ya 40 walikufa mjini, na makumi ya maelfu walibaki bila nyumba. Daraja la Mulongwe lilikatika, mji ukawa vipande viwili vinavyotazamana. Bomba likakauka, tukarudi kuchota maji ya Ziwa Tanganyika, na kila mtu wa Uvira anajua maji ya ziwa yasiyochemshwa yanaleta nini. Kwenye avenyu yetu tulizika wawili, mmoja wao mtoto niliyezoea kumtuma dukani.

Siku ya tatu nilipata nafasi ya kusimama na kukitazama kile kisiki. Nilikitazama nikahesabu. Magunia mawili ya makala, nilisema moyoni. Kikikauka vizuri, mawili na makopo kadhaa juu yake. Yule mtoto wa jirani alikuwa ardhini siku moja tu. Ningeweza kuificha hesabu hiyo, hakuna aliyeisikia, lakini ushuhuda wangu bila hiyo ni nusu.

Nilianza kuuza makala, makaa ya miti kama wengine wanavyoyaita, mwaka 2014. Mume wangu alikuwa amepoteza kazi, watoto wanne walikuwa shuleni, na makala ni biashara isiyomfukuza mtu asiye na mtaji: unakopa magunia matatu, unayauza kwa makopo, jioni unalipa deni, kinachobaki kinanunua unga wa bugali na ndagala. Uvira nzima inapika juu ya mbabula, jiko la makala. Umeme ukija leo, kesho unakwenda, na hata ukikaa si kila nyumba inaweza kuupikia. Makala mengine yalinifikia kwa boti toka upande wa Swima na Mboko, mengine yalishuka kwa migongo ya wanawake toka milima iliyo nyuma ya mji, kamba ikikaza paji la uso. Nilijua kutambua gunia la udanganyifu, lile lililojazwa majani katikati. Nilijua kwamba makala ya mti mgumu yanalia kama chuma ukiyagonganisha. Mti wenyewe sikuujua hata mmoja. Watu waliniita Mama Makala, nami niliitika.

Walioniambia walikuwepo. Redio zilisema tusikate miti. Watu wa semina walikuja na fulana zenye maandishi, wakatugawia soda, wakatuonyesha mchoro wa mlima uchi na mlima wenye majani. Siku moja kijana mmoja aliyesomea mambo ya ziwa alitueleza sokoni jambo ambalo nililielewa kabisa: kwamba Tanganyika inapata joto, kwamba maji yenye joto yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye chakula, na samaki wanapungua. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba hali hiyo huenda imepunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Hapa Uvira tuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, kwa hiyo habari za namna hiyo hazikuwa ngeni mjini. Nilisikia, nikakubali, nikarudi kwenye makopo yangu. Kwa habari ya miti nilikuwa na jibu moja tu: basi nipeni cha kupikia. Hata leo naona lilikuwa jibu la haki. Ila nililitumia kama komeo. Nikishalisema, mazungumzo yalikuwa yamefungwa.

Kisiki hakikuwa magunia mawili. Shoka lilirukaruka juu yake, vijana wawili wakakivunjia mpini, wakaniachia. Kikageuka kiti cha wateja. Miaka mitano watu walikalia kile kisiki wakisubiri niwapimie makala, na mimi mwenyewe nilikikalia nikihesabu franka jioni.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi, katikati ya Februari Bukavu, na Uvira ikajaa askari, milio na uvumi. Tulivuka mto Ruzizi pamoja na maelfu ya wengine kuingia Burundi: mimi, binti yangu, wajukuu wawili, sufuria moja na mkeka. Njiani niligeuka nyuma mara moja tu. Milima yetu ilikuwa pale pale, mitupu na yenye makovu, na nilishangaa kwamba macho yangu yalikwenda kwenye milima badala ya nyumba. Tulilala nje siku nyingi, tukinyeshewa. Mwishowe tukarudi, kwa sababu njaa ya kule ilikuwa imelingana na hofu ya huku.

Mpwa wangu anasomea uchongaji Kinshasa, kwenye Académie des Beaux-Arts. Mwezi wa Aprili alinitumia video kwenye WhatsApp. Niliifungua usiku nikidhani ni habari za vita. Nikaona wanyama. Walikuwa vikaragosi vikubwa sawasawa na wanyama wenyewe, vimetengenezwa kwa kartoni na mbao nyepesi, kila mmoja na watu wanaomwendesha, na walikuwa wakitembea kati ya watu wa Kinshasa. Kazi hiyo inaitwa The Herds. Mwongozaji wake ni Amir Nizar Zuabi, Mpalestina, na vikaragosi vya kwanza vilibuniwa na kikundi cha Ukwanda cha Cape Town. Wanyama walianzia Kinshasa kwa kuwa bonde la Kongo ndilo lenye msitu wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya tropiki duniani, wakaelekea kaskazini mji kwa mji, Lagos, Dakar, Marrakech, wakavuka hadi Ulaya, na mwezi wa Agosti walifika Norway, mbali sana kaskazini, baada ya safari ya kilomita kama 20,000. Hadithi yao ni fupi: nchi yao imekuwa moto mno, wanakimbia.

Kwenye video ile kulikuwa na mnyama mmoja mwenye shingo ndefu. Katikati ya kelele za watu alisimama, akageuza shingo, akatazama alikotoka. Shingo ile niliijua. Ilikuwa yangu, njiani kwenda Ruzizi.

Nililia kwa namna ambayo binti yangu aliamka akauliza nani amekufa. Kesho yake mpwa wangu akapiga simu.

"Shangazi, umeona wanyama?"

"Nimeona, baba. Kwa nini wameifanya kartoni itembee kama wakimbizi?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hivyo. Wenzangu huku waliuliza vimegharimu pesa ngapi."

Tulizungumza hadi salio lake likaisha. Aliniambia kuhusu Lusanga, huko Kwilu, ambako zamani kampuni ya Lever ilikuwa na mashamba makubwa ya michikichi, na ambako siku hizi wafanyakazi wa mashamba wameunda kikundi cha wasanii kinachoitwa CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo, zinatolewa nakala kwa kakao na mafuta ya mawese, zinauzwa mbali, na kwa fedha hiyo wananunua tena ardhi na kurudisha miti. Mwaka 2024 kazi zao zilijaza banda la Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice. Nilimwuliza kama ni kweli mtu anaweza kuchonga sanamu ikazaa msitu. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kusikia mmoja wao akieleza, na kwamba huyo mtu mikono yake ilikuwa kama yangu.

Ndipo nikamweleza habari ya kisiki. Alitaka picha. Nikaipiga, akakaa nayo siku mbili, kisha akanijibu kwa sauti: "Shangazi, usikichome. Ukipande kichwa chini."

Vijana sita wa avenyu walichimba shimo, tukakisimamisha kisiki kichwa chini, mizizi hewani. Sijui kueleza vizuri kilichotokea. Kilipokuwa kimelala kilikuwa kuni. Kiliposimama na mizizi yake imeelekea mbinguni, kila aliyeingia langoni alipunguza mwendo. Mizizi ilikuwa mingi kuliko tulivyodhani, minene na myembamba imesukana, na kwenye mafundo yake bado kulikuwa na vijiwe vilivyobanwa, mawe ya mlimani ambayo ule mti ulikuwa umeyashika hadi siku ya mwisho. Wajukuu wangu walijaribu kukichomoa kijiwe kimoja kwa msumari, wakashindwa.

Lakini tuko Uvira. Wiki haikuisha, maneno yakaanza. Mti uliopandwa kichwa chini ni uchawi wa nani? Anamfunga nani? Wateja wawili wa siku zote wakaanza kununulia kwingine. Mkuu wa avenyu akaja na wazee, wakakaa, wakakataa chai. Mimi ni mama wa kanisa, neno hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Nikawaambia: hiki ni kisiki cha mafuriko, mlikikalia wote. Nimekisimamisha ili nikione. Mzee mmoja akasema, "Ukione ili iweje, Mama Makala?"

Sikuwa na jibu tayari. Nilichokuwa nacho ni daftari zangu. Nikaingia ndani nikazitoa, daftari za deni na mauzo za miaka yote, baadhi zikiwa na tope la 2020. Nilikuwa nikiuza, kwa wastani, magunia sita kwa juma. Majuma 50 kwa mwaka, miaka 11. Magunia 3,300. Niliisema namba hiyo kwa sauti kwa mara ya kwanza maishani, mbele ya wazee, na niliona aibu kama mtu aliyevuliwa kitenge.

Jioni ile nilichukua kipande cha makala nikaanza kuchora ukutani, ule ukuta ambao alama ya tope haijawahi kufutika. Gunia moja, mstari mmoja. Ilinichukua jioni tisa. Siku ya pili kidole gumba kilikuwa kimevimba. Siku ya nne niliishiwa na nafasi chini ya alama ya tope nikapanda juu yake kwa kigoda. Watoto wa jirani walikuja kunisaidia kuhesabu, wakibishana, wakianza upya. Jioni ya mwisho nilirudi hatua kadhaa nikatazama: ukuta ulikuwa mweusi upande hadi upande kama mvua inayokuja toka ziwani, na mbele yake mizizi ile myeupe. Uchawi haukutajwa tena.

Jirani yetu ni mwalimu wa hesabu. Aliingia siku moja, akasoma ukuta kimya, akaomba karatasi. Alinieleza kwamba katika matanuru yetu ya udongo, yale ya kupanga magogo, kufunika majani na kumwagia udongo juu, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 hadi 20 za makala. Zilizobaki zinaondoka na moshi. Gunia langu la kilo 50, kwa hiyo, lilikula kilo 250 hadi 500 za mti. "Tuchukue 300, Mama, tusikuonee," akasema. Akazidisha. Tani 990. Akaiandika pembeni kwa kalamu, ndogo, halafu akakaa chini ya ile mizizi bila kusema kitu. Yeye pia alikuwa mteja wangu.

Sisemi kwamba nilileta mafuriko. Nimejikagua sana juu ya hili na sitaki mtu anisomee vibaya. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida upande wetu wa Afrika, mvua zikaanguka kwa wingi Afrika Mashariki yote, maziwa yakajaa hadi Viktoria. Nyumba zetu wenyewe tulizisogeza hadi kitandani mwa mto. Na moshi unaoipasha dunia joto haukutoka kwenye mbabula ya Uvira. Mpwa wangu alinionyesha picha za Paris za mwaka 2015, wakuu wa dunia wakiwa mkutanoni kuhusu tabianchi: msanii Olafur Eliasson alikuwa ameleta vipande 12 vikubwa vya barafu toka Greenland, akavipanga kama saa mbele ya Panthéon, vikayeyuka huku watu wakivigusa. Nilifurahi kuona kwamba na wao, wenye viwanda, wameletewa kisiki chao. Lakini mlima ulio nyuma ya nyumba yangu ni mlima wangu. Mvua kubwa ingenyesha tu. Mizizi ingeshika kiasi gani, sijui kipimo. Najua vile vijiwe ambavyo msumari wa mtoto umeshindwa kuvitoa.

Kuna picha nyingine aliyonitumia ambayo sikuhitaji kuelezewa. Mwaka 2021, New York, Maya Lin alisimamisha katikati ya bustani ya mji mierezi 49 iliyokufa, mirefu, isiyo na jani, iliyouawa na maji ya chumvi yaliyoingia ardhini kwao. Aliiita Ghost Forest, msitu wa mizimu. Nilimjibu mpwa wangu: njoo Kalundu, bandarini kwetu. Tangu 2020 ziwa limepanda na kushuka na kupanda tena. Mwaka 2024 lilifika takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari, likaingia bandarini, likala nyumba za ufukweni huku kwetu na ng'ambo kule Bujumbura na Gatumba. Miembe na michikichi iliyokuwa kwenye malango ya watu imesimama majini, imekufa wima. Wavuvi wanafungia mitumbwi humo. Tulikuwa tukipita kila siku, na hakuna aliyekuwa ameitazama kama mpwa wangu alivyonifundisha kutazama kisiki. Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda na wanawake wengine saba wa soko letu, tukafunga kitambaa cheupe kwenye kila shina tuliloweza kulifikia bila kulowana juu ya magoti. Vitambaa 23. Vilikaa majuma matatu. Mama mmoja alipofunga chake alitaja jina la mtu, na baada yake wote tukafanya hivyo.

Mwezi wa Agosti mzee aliyekuwa akiniletea magunia toka milimani alishuka. Hakuwa amejua kwamba nimeacha kuuza makala. Alikuwa amekuja kuuliza kwa nini siagizi. Aliingia na fimbo yake, akasimama mbele ya ukuta.

"Mama, haya ni nini?"

"Magunia, Mzee. Yote niliyouza."

"Na yangu ni yapi?"

Nilimwonyesha, kwa kadiri ya daftari. Karibu theluthi ya ukuta. Aliipitishia mkono polepole bila kugusa, kama mtu anayeota moto. Kisha akageukia kisiki, akainama, akakwangua kwa ukucha, akanusa. Akautaja ule mti kwa Kifuliiru, jina ambalo sijawahi kulisikia na ambalo nilimwomba alirudie mara mbili. Akasema ulikuwa ukiota kando ya vijito vya juu, kivuli chake kizito, nyuki wanaupenda. Alipokuwa kijana alichoma tanuru akiwa anasikia mkewe akimwita chakula. Sasa anatembea siku mbili kufika penye mti wa kuchoma, na anakolala usiku kuna watu wenye bunduki.

Nilitaka aniambie kwamba naye ataacha. Hakusema. Ana wajukuu watano wanaomtegemea, na nilipomtajia habari ya kupanda miche alinitazama kwa huruma, akasema mche hauliwi. Lakini hakuondoka mapema. Alikaa na wajukuu wangu akawafundisha majina ya miti 11, kwa vidole, na wao wakaiandika kwa makala kwenye sehemu ndogo iliyobaki wazi karibu na mlango. Herufi zao zimepinda. Miti saba kati ya hiyo, alisema, upande huu wa mlima haipo tena.

Siku hizi nanunua pumba za mpunga toka bonde la Ruzizi, nazichanganya na vumbi la makala lililokuwa likitupwa sokoni na uji wa unga wa muhogo, nakandamiza kwenye kopo, naanika. Moto wake ni wa polepole na majivu yake ni mengi. Maharagwe yanaiva, lakini mwenye haraka ya chai ananuna. Pesa imepungua, nusu ya ile ya zamani, na kuna majuma ambayo binti yangu ananiuliza kwa macho kama nimefanya vizuri. Nyuma ya kisiki nimeotesha miche ya grevilea na ya avoka. Wale wanawake saba wanachukua kidogo kidogo, wanapanda kwenye mteremko ulio juu ya nyumba zao. Mbuzi wameshakula mingi.

Mvua zikianza, pumba hazikauki, nami nalazimika kununua makala ya jikoni kwangu kama kila mtu. Kwa hayo nimefungua ukuta mwingine, upande wa pili wa mlango, mweupe, niliopaka chokaa mwenyewe. Mjukuu wangu mkubwa ndiye anayenishikia kigoda. Jumamosi nilichora mstari wa tano.